Jalada la Kaki

Kwa miaka mingi kazi iliyonilisha ilikuwa kuchora. Nimechora mabango ya chanjo, vibonzo vya magazeti, lebo za makopo ya rangi, na kati ya mwaka 1983 na 1996 nilichora majalada ya vitabu thelathini na kitu. Mengi ya majalada hayo siyaonei haya wala siyajivunii. Yalitimiza kazi yake, karatasi ikachakaa, basi. Ni moja tu linalonirudia, na hunirudia hasa wakati wa usiku, saa ambazo mtu hana la kujitetea nalo. Nitalieleza. Lakini kabla ya hilo msomaji aniruhusu niseme kidogo juu ya jalada jingine, lililochorwa mbali sana na kwetu na mtu ambaye sikupata kuonana naye, kwa kuwa ni hilo lililonionyesha kosa langu lilikuwa wapi.

Mwaka 1959 kampuni ya Simon & Schuster ya New York ilitoa riwaya fupi ya Robert Bloch iitwayo Psycho, katika mfululizo wake wa vitabu vya fumbo ulioitwa Inner Sanctum. Bloch alikuwa akiishi jimbo la Wisconsin. Miaka miwili nyuma yake, mwaka 1957, mji mdogo wa Plainfield katika jimbo hilohilo ulipigwa na bumbuazi baada ya polisi kuingia nyumbani kwa mkulima mmoja mpweke, Ed Gein, na kukuta mambo ambayo sitayasimulia hapa. Bloch hakuandika habari za Gein. Alichochukua ni lile wazo moja tu: kwamba jirani mpole, anayekusalimu kila asubuhi, aweza kuwa na chumba ndani ya nafsi yake ambacho hata yeye mwenyewe hajui kilivyo. Akajenga juu ya wazo hilo nyumba ya wageni ya barabarani, mwanamume mwenye kuiendesha, na mama yake.

Aliyepewa kazi ya kuchora jalada alikuwa Tony Palladino, mchoraji wa New York, mzaliwa wa 1930, aliyefariki mwaka 2014. Palladino hakuchora kitu. Alilichukua neno lenyewe, herufi sita nene, nyeupe juu ya weusi, akalikatakata. Mipasuko imepita katikati ya herufi, vipande vikasogezwa kidogo, juu hakulingani tena na chini. Neno linasomeka, lakini linasomeka kama kitu kilichopata ajali. Baadaye alieleza kwamba hakuona picha yoyote ambayo ingeweza kulishinda neno lile.

Alfred Hitchcock alinunua haki ya kukifanya kitabu kile filamu kwa dola 9,500, na jina lake halikutajwa wakati wa kununua. Kisha akanunua pia herufi za Palladino kwa ajili ya kuitangaza filamu. Filamu ilipotoka mwaka 1960, mabango yake yalikuwa na neno lilelile lililopasuka, na Saul Bass, aliyetengeneza majina ya mwanzoni, naye alifanya mistari ikate maneno na kuyatawanya. Ni mara chache sana kazi ya mchora jalada kuishi kuliko jalada lenyewe. Kwa kawaida sisi ni kama wapambaji wa maharusi. Harusi ikiisha, mashada yanatupwa.

Nililiona jalada lile mara ya kwanza katika kitabu cha sanaa ya uchapaji, kwenye maktaba moja ya jijini Dar es Salaam. Lilikuwa dogo kama stempu. Nilikaa nalo karibu saa nzima, mpaka mtunza maktaba akaja kuniuliza kama nimepatwa na nini.

Hebu tufikiri pamoja mambo ambayo Palladino angeweza kuchora. Nyumba ya wageni usiku, na taa moja. Nyumba kubwa nyuma yake, na dirisha lenye kivuli. Kisu. Bafu. Msichana mwenye hofu. Mama mzee. Kila kimoja katika hivi kimo kitabuni, na mchapishaji yeyote angekipokea kwa mikono miwili. Lakini kila kimoja ni kipande cha jibu. Mchoraji akimchora mama, amekwisha kusema neno. Asipomchora mama huku akiwachora wengine wote, amesema neno lilelile kwa njia nyingine, maana msomaji wa vitabu vya fumbo ni mjanja, na anasoma hata kile kilichoachwa. Aliyekisoma kitabu hicho atanielewa. Ambaye hajakisoma namwachia utamu wake, kama Hitchcock alivyowaachia watazamaji wake alipokataza mtu yeyote asiingie ukumbini filamu ikishaanza.

Sisi tuliolelewa kwa vitendawili hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na New York. Bibi akisema "Kitendawili!", nasi tukaitikia "Tega!", mchezo ulikuwa na sheria zake. Alitega, tukahangaika, tukataja hiki na kile, na tukishindwa kabisa ndipo aliposema "Nipeni mji." Tukampa mji. Akauchukua mji wetu, akaufanyia kiburi kidogo, akasema alikwenda huko akala na kunywa, ndipo akatoa jibu. Bibi ambaye angetega na kujibu kwa pumzi moja asingepata mtu wa kukaa naye jioni. Nathubutu kusema kwamba jalada la riwaya ya fumbo ni ule wito wa kwanza tu. Kazi yake ni kutega. Jalada linalojibu limeunyang'anya ukurasa wa mwisho mji wake.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Riwaya ya upelelezi ya kawaida inaficha tendo: nani aliingia, kwa mlango gani, saa ngapi. Riwaya ya fumbo la nafsi inaficha mtu. Vitu vyote viko mezani, ushahidi umeonekana, na bado hujui, kwa sababu kilichofichika kimo ndani ya kichwa cha mmoja wao, au ndani ya kichwa cha yule anayekusimulia. Sasa kichwa kwa ndani kinachorwaje? Hapa ndipo wachoraji wengi tunapoanguka. Tunachora uso. Tunatoa macho, tunatimua nywele, tunapinda mdomo, na tunadhani tumechora wazimu, kumbe tumechora desturi yetu ya kuwaogopa wagonjwa.

Palladino alilipasua neno, akamwacha mtu. Nimejiuliza mara nyingi kama hilo nalo si dhuluma. Neno lile lenyewe limekatwa kutoka katika lugha ya madaktari, na limekuwa tusi la mitaani kwa Waingereza na Wamarekani. Ndugu wa mgonjwa akiliona limepasuliwa vile anaweza kusema: kwa hiyo mtu wangu ni sahani iliyovunjika? Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuifuta. Hata hivyo, litazame tena jalada lile ukiwa na neno mbele yako. Herufi zimekatika, nawe unazisoma bila taabu. Nani aliyeziunga? Ni wewe. Jicho lako limevuka ufa, likaziba pengo, likajitengenezea neno zima ambalo halipo kwenye karatasi. Bloch anakufanyia jambo hilohilo kurasa zote: anakupa vipande, na wewe kwa haraka yako ya kutaka mambo yaeleweke unaviunga visivyo. Kwa hiyo nafsi inayochezewa na jalada hili ni ya msomaji, na sioni kwamba mgonjwa yeyote amewekwa pale atazamwe. Hapo ndipo ninapolipa heshima yangu.

Nisije nikaonekana nimejua mtu mmoja tu, nitaje wawili wengine kwa ufupi. Wachapishaji wa Ulaya walijua zamani kwamba rangi peke yake yatosha kumwita mpenzi wa fumbo. Waitaliano wanaita riwaya za uhalifu "giallo", yaani njano, kwa sababu ya majalada ya njano ya Mondadori yaliyoanza mwaka 1929, na Penguin ya Uingereza ilivipa vitabu vyake vya uhalifu rangi ya kijani tangu 1935. Mwaka 1961 Penguin ilimpa Romek Marber kazi ya kuupanga upya mfululizo huo wa kijani. Marber alikuwa mzaliwa wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi, na pengine ndiyo sababu hofu katika kazi zake haipigi kelele. Aliweka mistari juu, jina, mwandishi, kisha chini yake picha iliyokatwa, yenye kiza. Katika vitabu vya Dorothy L. Sayers alirudia umbo dogo jeupe la mtu, kitabu hata kitabu, likiwa limelala, limening'inia, limeanguka. Halina uso. Unalihurumia kabla hujajua ni nani.

Wa pili ni Tom Adams, aliyechora majalada ya Agatha Christie kwa miaka mingi kuanzia 1962. Huyu ni kinyume kabisa cha Palladino. Alijaza vitu: ua, mdudu, fuvu, mwanasesere, vyote vimechorwa kwa uangalifu wa mfua dhahabu, na vingi vimetoka ndani ya hadithi. Ukimaliza kitabu unarudi kwenye jalada na kuona kwamba uliambiwa tangu mwanzo. Nampenda sana kwa hilo. Ila kwa fumbo la nafsi nadhani njia yake haifiki mbali, kwa sababu vitu vyake vinaeleza kilichotendwa, na Christie mwenyewe aghalabu anajali zaidi kilichotendwa.

Na kwetu je? Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza vizuri, na ilianza na jina. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyeshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, alikuwa bingwa wa majina yanayotega: Kisima cha Giningi, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa. Faraji Katalambulla naye akaja na Simu ya Kifo mwaka 1965. Majina ya namna hii yanakuambia njoo, na hayakuambii utakuta nini. Yanafanana na maneno ya kanga, ambayo kila mtu sokoni huyasoma lakini anayelengwa ni mmoja. Kanga, nikisema kama mchoraji, ni somo kubwa ambalo hatukulisoma: maneno machache, mahali pamoja, rangi mbili au tatu, na fumbo zima liko kwenye maneno. Palladino angevaa kanga angejiona yuko nyumbani.

Badala ya kuifuata kanga, sisi wachora majalada wa miaka ya themanini tulifuata mabango ya sinema. Bastola, gari, msichana mwenye gauni fupi, mwanamume mwenye miwani myeusi. Sisemi kwa dharau, mimi mwenyewe nilizichora bastola hizo, na nikafika mahali nikawa sihitaji hata kutazama mfano. Kitabu kiliuzwa kando ya barabara, kimetandikwa juu ya gunia, kikishindana na njugu na betri. Jalada lilikuwa na muda wa mtu kupita hatua tatu. Kwa hadithi za majasusi mtindo ule haukuwa na ubaya mkubwa, maana ndani nako mlikuwa na bastola, gari na msichana. Taabu ilikuja pale ulipowekwa juu ya kitabu cha namna nyingine.

Mwaka 1991 mchapishaji mmoja mdogo aliniita ofisini kwake akanikabidhi mswada uliopigwa taipu kwenye karatasi za rangi rangi, nyingine upande wa nyuma zina mitihani ya darasa la saba. Mwandishi alikuwa mwalimu mstaafu. Nitamwita Mwalimu tu, kama alivyoitwa na kila mtu. Hadithi ilikuwa hivi: mume na mke wanaishi wawili peke yao katika nyumba ya shule, kijijini. Usiku mke anasikia nyayo za mtu wa tatu. Mume hasikii. Majirani wanaanza kunong'ona kwamba yule mama kichwa si kizima. Kisha mlinzi wa shule anakutwa amekufa kisimani, na macho yote yanamgeukia mama. Wewe msomaji nawe unamgeukia, unaona aibu, unarudi nyuma, unamgeukia tena. Jibu silisemi. Nasema tu kwamba nilipofika mwisho nililazimika kurudi mwanzo, na kwamba mama yule hakuwa na wazimu wowote.

Mchapishaji hakuwa ameusoma mswada wote. Aliniambia, "Weka mwanamke kichaa, na panga. Watu wanunue." Nilimweleza kwamba yule mama siye. Akaniambia, "Wewe unataka kuchora au unataka kutahakiki?" Nilikuwa na watoto watatu na kodi ya nyumba ya miezi miwili. Nilichora. Na kwa kuwa nilikuwa fundi, nilichora vizuri, hilo ndilo linalouma. Nywele nilizitimua kwa brashi kavu, moja moja. Macho niliyatoa. Kanga niliichana begani. Panga nililipaka nyekundu, kwa kuwa tulikuwa na rangi mbili tu na nyekundu ilikuwa ya pili.

Jalada lile lilikuwa na makosa mawili, na kwa muda mrefu mimi niliona moja tu. La kwanza ni la ufundi: lilimjibu msomaji kabla ya kumtega, na jibu lenyewe likawa la uongo. Kuna watakaosema kwamba uongo kwenye jalada ni mbinu halali, kwamba fumbo lote ni kupotosha. Sikubaliani nao. Msimulizi anayekupotosha anafanya hivyo ndani ya mkataba wa hadithi, na atalipa mwishoni. Jalada halilipi. Ukifunga kitabu, ukajua kwamba mama hakuwa kichaa wala hakushika panga, bado ukiligeuza yuko palepale, ametoa macho. Ukurasa wa mwisho umemwachia huru, jalada limemrudisha kifungoni.

La pili nililijua baada ya miezi minne. Nilimkuta Mwalimu kwenye kituo cha basi, ana mfuko wa nailoni. Tukasalimiana. Nikamuuliza kitabu kinaendeleaje. Akatoa nakala moja mfukoni. Ilikuwa imefunikwa kwa karatasi ya kaki, vilevile wanafunzi wanavyofunika madaftari, kona zimekunjwa kwa ustadi wa mtu aliyekagua madaftari miaka thelathini na minne. Juu ya kaki ameandika jina la kitabu kwa kalamu ya wino, kwa ule mwandiko wa kuegemea kulia.

"Nimezifunika zote nilizopewa," akasema. "Ishirini."

Nikacheka, nikidhani ni hadhari ya mvua. Hakucheka. Akanieleza kwa utaratibu, kama anayemweleza mtoto hesabu, kwamba ana mdogo wake wa kike, wanaishi pamoja tangu wazazi walipofariki. Kwamba aliugua akiwa msichana, akalazwa, akapona, akaugua tena, na sasa kwa miaka tisa anameza dawa zake na analima bustani na hana neno. Kwamba ile habari ya nyayo aliipata kwake. Kitabu kilipofika nyumbani alikuwa wa kwanza kukishika. Alilitazama jalada muda mrefu, kisha akamuuliza, "Kaka, ndivyo mnavyoniona?"

"Sikuwa na jibu, bwana mdogo," Mwalimu akasema. "Nikaenda dukani kununua kaki."

Hakunilaumu kwa neno lingine. Basi lake likaja.

Baada ya siku ile sikuacha kuchora, nisijifanye mtakatifu. Lakini nilianza kuyatazama majalada ya watu kwa jicho jingine, na ndipo lile la Palladino nililoliona maktaba likaacha kuwa ufundi mtupu kwangu. Nilielewa kwa nini mtu mwenye mkono wa kuweza kuchora chochote aliamua kutochora uso.

Tangu hapo mitindo imebadilika. Siku hizi fumbo la nafsi lina mavazi yake rasmi, hasa baada ya Gone Girl ya mwaka 2012 na The Girl on the Train ya 2015: mwanamke amekupa mgongo, anatembea kwenye ukungu, dirisha lenye mwanga, maji meusi, herufi kubwa zilizojaza ukurasa ili zisomeke hata picha ya jalada ikiwa ndogo kama ukucha kwenye simu. Mgongo ni bora kuliko macho yaliyotolewa, nakiri. Ila mgongo ukirudiwa mara mia unakuwa nao ni uso. Msomaji anajua kwamba mwanamke huyo ama atapotea ama atakuwa amedanganya, na mara nyingi vyote viwili.

Lipo jalada moja la miaka hii ambalo nimebishana nalo sana kichwani. Mwaka 2005 kitabu cha Stieg Larsson kilitoka Uswidi kikiwa na jina lenye maana ya "Wanaume wanaochukia wanawake". Wachapishaji wa Kiingereza wakalibadili, kikawa The Girl with the Dragon Tattoo. Kwa toleo la Marekani la mwaka 2008 Peter Mendelsund alijaribu michoro makumi kabla ya kukubaliwa lile la njano kali lenye joka lililojikunja. Ni jalada zuri. Halina damu, halina msichana, na katika rafu ya vitabu vyeusi lilikuwa kama taa. Lakini jina jipya, na jalada likalifuata, vimeuhamisha mkono unaoonyesha kidole. Jina la kwanza lilikuwa likiwaonyesha wanaume. La pili linaonyesha ngozi ya msichana. Mchoraji hakulichagua jina, najua, kama nami sikulichagua panga. Najua pia kwamba sababu hiyo haitoshi.

Mwaka 2009, mchapishaji wetu akiwa amekwisha kufunga biashara siku nyingi, kijana wa Mwalimu alinitafuta. Walitaka kukitoa tena kile kitabu wenyewe, nakala mia tatu, kwa fedha zao. Je, ningekubali kuchora jalada? Nilimwambia sitaki malipo. Nilifanya kazi majuma mawili. Nilikata herufi kwa wembe, nikazisogeza, nikazipasua kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari, rangi ya maziwa juu ya weusi. Nilichagua tano nikaenda nazo nyumbani kwao.

Mwalimu alikuwa amedhoofu, yuko kitandani. Aliyenipokea sebuleni ni mdogo wake, mama wa miaka sitini na zaidi, mwembamba, kichwani amefunga kitambaa cheupe. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniletea maji. Sikujua kama anajua mimi ni nani. Nikazipanga zile kazi tano mezani. Akavaa miwani, akainama, akazipitia moja baada ya nyingine bila haraka.

"Mbona herufi zimevunjika?" akauliza. "Mlikosa nzima?"

Nikaanza kumweleza. Nilimtaja Palladino, New York, ufa, jicho la msomaji. Nilijisikia ninavyozungumza. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini hicho ni kitabu cha huko. Hiki cha Kaka ni cha nyumba ya watu wawili." Akanyamaza kidogo, akatazama nje, mlangoni. "Chora viatu, mwanangu. Kandambili, nje ya mlango umefungwa. Jozi tatu."

Niligeuka nikatazama alikokuwa akitazama. Kizingitini palikuwa na viatu vyangu, na jozi mbili za kandambili, moja kisigino kimelika upande.

Nikamwomba karatasi. Akaingia ndani, akarudi na kipande cha kaki, kimekunjwa mara nne, akakilaza mezani na kukinyoosha kwa kiganja.